UZI: Compliance (2012). Tafuta disk uiangalie nyumbani ukiwa na rimoti mkononi, halafu njoo uniambie nani mwenye kosa mle ndani

Mzee wa Deki (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Wale wa "leta mpya" mnaweza kupita tu, hii ni ya 2012. Inaitwa Compliance, kaandika na kuiongoza Craig Zobel, ilianza kuonyeshwa tamasha la Sundance Januari 2012, Agosti ikaingia kumbi za Marekani, na Januari 2013 wasambazaji wake, kampuni ya Magnolia, wakaitoa kwenye DVD na Blu-ray. Kopi yangu ni orijino na kava lake, nimeichomoa kwenye lundo la disk za mtumba pale Kariakoo kwa buku mbili, muuzaji mwenyewe hajui anauza nini alikuwa anasisitiza nichukue ya Jackie Chan.

Muvi ya bajeti ndogo mno. Karibu yote iko ndani ya mgahawa mmoja wa kuku, na sehemu kubwa iko stoo ya nyuma kwenye maboksi. Hakuna bunduki hakuna gari linalopinduka, saa moja na nusu watu wanaongea na simu, ila nakwambia utatoka jasho feni ikiwa namba tano.

Kisa kiko hivi. Ijumaa jioni, mgahawa unaitwa ChickWich (jina la kutunga), Ohio, wateja wamejaa. Meneja ni mama wa makamo, Sandra, kaigiza Ann Dowd. Siku yake imeshaharibika tangu asubuhi maana usiku uliopita kuna mtu kaacha friza wazi mzigo umeoza, na kuna tetesi kwamba makao makuu watatuma mtu ajifanye mteja aje kuwapima. Yaani mama wa watu ana presha kabla hata simu haijalia. Simu inalia. Jamaa anajitambulisha ni polisi, Ofisa Daniels, anasema bosi wako wa kanda yuko kwenye laini nyingine hapa tunaongea naye, kuna binti wako wa kaunta kamuibia mteja hela kwenye pochi. Binti gani? Jamaa anaelezea juu juu tu, msichana, nywele za njano, na Sandra mwenyewe kwa mdomo wake anasema Becky? Ehee, huyohuyo Becky.

Umeona hapo? Jina hakulijua. Kapewa. Huyu hana tofauti na wale wetu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wanaotuma meseji kwa watu elfu wakisubiri mmoja ambaye kweli ana hela ya mtu.

Kuanzia hapo ni hatua kwa hatua. Mkalishe stoo. Chukua simu yake. Mkague mifuko. Kague begi. Avue nguo tumtafutie hizo hela. Kila hatua ni kidogo tu zaidi ya ile iliyopita, na kila Sandra akisita jamaa anamwambia wewe fanya, lawama zote ni zangu, vijana wangu wako njiani. Inaishia binti wa watu kudhalilishwa vibaya na siandiki humu ilivyokuwa.

Sasa kwanini nasema nyumbani? Kule Sundance watu walitoka ukumbini, wengine wakabaki kumfokea mwongozaji muda wa maswali. Nawaelewa, ukiwa ukumbini unabebwa tu mpaka mwisho. Nyumbani bonyeza pause kila jamaa anapotoa amri mpya, ujiulize ningekata simu hapa? Mimi na shemeji yenu tulifanya hivyo tukagombana sebuleni hadi majirani wakajua.

Hoja yangu ni moja. Kila anayeiangalia anamlaumu Sandra. Mimi naona mtu wa kumwangalia ni Kevin, yule kijana mfanyakazi mwenzake Becky. Anaitwa stoo, anapewa simu, anaambiwa amfanyie Becky upuuzi, anakataa. Safi. Halafu anafanya nini? Anarudi kazini! Becky kaachwa palepale na apron tu mwilini. Simu inapewa mwanaume mwingine, Van, mchumba wa Sandra, keshakunywa bia zake, na huyo hakatai. Baadaye anakuja mzee mmoja wa matengenezo, Harold, anapewa simu anasikiliza, anasema hapana kwa sauti, mbele ya Sandra, huu ni upumbavu. Mchezo ukaishia hapo. Sandra ndo anapata akili ya kumpigia yule bosi wa kanda, anaambiwa hajaongea na polisi yeyote leo.

Kevin na Harold wote walikataa. Mmoja kakataa kwa ajili ya nafsi yake tu.

Karibuni.

chapati mbili

Uzi mrefu kama foleni ya Mbagala ila nimesoma wote. Nimeweka kambi, ngoja waje.

Bwana wa Pugu Road

Mkuu hii ni chai. Mtu anapiga simu anasema mimi polisi, unamvua mwenzio nguo?? Wamarekani ni mazuzu ama mwandishi ndo katuona sisi mazuzu. Mimi mtu akinipigia namwambia afande njoo ofisini na kitambulisho, nakata. Dakika moja, muvi imeisha.

Mzee wa Deki

Mkuu tatizo sio chai. Ni tukio la kweli, majina na mahali tu ndo vimebadilishwa. Tarehe 9 Aprili 2004, mgahawa wa McDonald's mji mdogo unaitwa Mount Washington, jimbo la Kentucky, na kamera ya ofisi ilirekodi. Binti alikuwa na miaka 18. Na haikuwa mara ya kwanza, simu za aina hiyo zilipigwa zaidi ya 70, kwenye majimbo kama 30, kwa miaka kama kumi hivi, migahawa na maduka. Polisi walifuatilia kadi za simu alizotumia mpigaji wakamkamata mtu Florida, kesi ikaenda, 2006 baraza la mahakama likamuona hana hatia. 2007 yule binti akashinda kesi ya madai dhidi ya kampuni, dola milioni 6.1, maana ilionekana kampuni ilishajua kuna simu kama hizo zinapigwa kwenye matawi yake na haikuwaonya watu wake inavyotakiwa. Na meneja msaidizi aliyempekua naye alishtaki kampuni, naye akapewa zake milioni 1.1. Hiyo ndo ilinifanya nikae chini.

nesi wa zamu ya usiku

@Bwana wa Pugu Road hiyo "mimi ningekata" tunaijua sana kwenye fani yetu. Kuna jaribio la daktari mmoja Hofling, 1966, Marekani, tulifundishwa chuoni. Manesi 22 wako wodini kwenye hospitali za kweli, simu inalia usiku, daktari ambaye hawajawahi hata kumuona anasema mpe mgonjwa fulani miligramu 20 za dawa fulani, mimi nakuja nitasaini. Kwenye kichupa imeandikwa kabisa mwisho ni 10. Na sheria ya hospitali inakataza kutoa dawa kwa amri ya simu. Manesi 21 walikwenda kuitoa, walizuiwa mlangoni (dawa yenyewe ilikuwa ya bandia haina madhara).

Sasa sikia utamu wake. Walichukua kundi lingine la manesi wakawaelezea tu kwa maneno, ingekuwa wewe ungefanyaje? 10 kati ya 12 wakasema mimi siwezi kutoa. Wanafunzi wa unesi 21 wote wakasema hapana. Yaani wote wako Pugu Road na wewe mkuu 😂

Na siwacheki, maana usiku uko peke yako, wagonjwa thelathini, daktari anaongea kwa haraka na kwa ukali, ile "ndiyo dokta" inatoka yenyewe kabla hujafikiria.

Bwana wa Pugu Road

Dada umenipiga chini ya mkanda. Ila bado, dawa ni dawa. Nguo je?

Kijana wa Buguruni

Wakuu nyie mnasahau kitu kimoja, Mbongo hakatai na wala hatii. Mbongo angesema "ndiyo afande, nimeshamkagua afande, hana kitu afande" kumbe yuko na Becky wanakula chipsi mayai. Tunaishi hivyo jamani. Bosi anasema fanya hivi, unasema sawa bosi, unaenda kukaa. Mjumbe anasema kesho usafi wa mtaa saa kumi na mbili, wote tunasema tupo, kesho tupo tumelala. Hiyo simu ingeshindwa Bongo, tapeli angechoka mwenyewe vocha ikaisha.

Mzee wa Deki

@Kijana wa Buguruni nimecheka hadi nimeamsha watoto. Ila umegusa kitu ambacho kipo kwenye utafiti kabisa.

Wengi mnajua lile jaribio la Stanley Milgram, chuo cha Yale, 1961. Mtu anaitwa kwa tangazo la gazeti, anawekwa mbele ya mashine ina swichi 30, ya kwanza volti 15 ya mwisho 450, zinapanda kumi na tano kumi na tano. Kila "mwanafunzi" chumba cha pili akikosea jibu unampiga shoti, unapanda. Shoti ni ya uongo ila yeye hajui, anasikia mtu anagonga ukuta. Jamaa wa koti la maabara anasema tafadhali endelea. Watu 26 kati ya 40 walifika mwisho. Ndo zile hatua ndogo ndogo za Ofisa Daniels hizo, hakuna mtu angeanza moja kwa moja na 450.

Kinachosimuliwa kidogo ni kwamba alilirudia mara nyingi akibadilisha vitu. Mara moja yule bwana wa koti akatoka chumbani akawa anatoa amri kwa SIMU. Utii ulishuka, waliofika mwisho wakawa kama mmoja kati ya watano. Na humo humo kuna waliofanya Kibuguruni, wanasema kwenye simu ndiyo nimepandisha, kumbe wanabonyeza ileile ndogo ya chini. Walidanganya ili wasimuumize mtu. Sasa utaona kazi ya Ofisa Daniels ilikuwa ngumu kiasi gani, sauti ya simu ina nguvu ndogo, ndo maana anamzushia Sandra bosi wa kanda kwenye laini nyingine, ndo maana kila saa polisi "wako njiani".

Halafu kuna mara nyingine Milgram aliweka watu watatu kwenye mashine, wawili ni watu wake. Wale wawili katikati ya kazi wakagoma waziwazi, mmoja baada ya mwingine, wakanyanyuka kwenye kiti. Yule wa tatu aliyebaki, ambaye hajui kitu, alifanyaje? Kati ya 40 waliofika mwisho ni wanne tu. Wanne! Kutoka 26.

Sasa rudi kwa Kevin. Angetoka pale stoo akasema kaunta mbele ya wenzake, jamani kule nyuma kuna ujinga unaendelea, Van asingepewa ile simu. Ujanja wa Kibuguruni unamuokoa Becky wa leo, sikatai, na ningekuwa Becky ningekupenda milele. Ila simu ikikatwa kwako inapigwa duka la pili.

Mama Wawili

Samahani mleta uzi, mimi muvi sijaiona ila hili la Kevin limenikera kidogo.

Nilifanya kazi duka kubwa moja hapa mjini silitaji. Kila jioni ukitoka unapekuliwa, begi, mifuko, wadada mnapapaswa na mlinzi wa kike kwenye kijichumba hakina hata pazia la maana. Siku moja kaunta ikapungua hela, sio nyingi, msimamizi akasema wasichana wote wa zamu mrudi, mkaguliwe vizuri, na "vizuri" mnaelewa wenyewe. Tulikuwa saba. Unajua nani alikataa? Hakuna. Sio kwamba tuliamini ni sawa. Kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi, mtoto yuko shule, nje ya geti kuna mabinti ishirini na barua za maombi mkononi. Ukisema hapana wewe ndo mwizi, maana kama hujaiba unaogopa nini?

Kwahiyo huyo Kevin wenu ana miaka mingapi, ishirini? Analipwa kwa saa? Kukataa tu mwenyewe mimi namuona shujaa. Harold mzee, keshaishi maisha yake, kufukuzwa kwake sio sawa na kufukuzwa kwa Kevin. Msipime watu na rimoti mkononi.

chapati mbili

Hili bandiko lipewe maua.

Mwanasheria wa Kona

Pole sana Mama Wawili. Kwa faida ya wengine niseme tu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka mwanamke akipekuliwa basi apekuliwe na mwanamke mwenzake na kwa kuzingatia staha kabisa. Na hiyo ni kwa wenye mamlaka ya kupekua. Msimamizi wa duka sio polisi. Kupungukiwa hela kaunta kunampa haki ya kwenda kituoni kutoa taarifa, basi, hakumpi haki ya kuvua watu nguo. Na kujifanya ofisa wa serikali ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo Ofisa Daniels huku kwetu angekuwa na shtaka hata kabla hajasema neno la pili.

Hakuna upekuzi wa kwa simu. Polisi akikupigia akakwambia mkague fulani kwa niaba yangu, muulize jina, cheo na kituo, kata, halafu nenda au piga kituo hicho kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio aliyokupa yeye.

Kijana wa Buguruni

Mwanasheria kwa Sandra hiyo staha ilitimia mbona? Yeye mwanamke, Becky mwanamke, na msaidizi wake mwanamke kaitwa awe shahidi. Alivyoona mambo yamekaa kiutaratibu ndo akatulia.

Mwanasheria wa Kona

Ndo hatari ya utaratibu nusu. Tapeli anajua kipande kimoja cha utaratibu, anakupa hicho unatulia, kilichobaki anatunga.

Mzee wa Deki

@Mama Wawili pole dada yangu, na asante kwa kusema. Kuhusu nani anaweza kumudu kukataa, sina la kubishana na wewe. Kevin kukataa ni kikubwa na hata kwenye lile tukio la Kentucky kuna kijana wa jikoni alikataa hivyohivyo, mpaka alipokuja mtu wa matengenezo ndo ikakatika.

Ila mlikuwa saba. Sikulaumu, natazama hesabu tu. Msimamizi ni mmoja, zamu ina watu saba na duka linawahitaji kesho asubuhi. Akigoma mmoja ni mwizi, wakigoma watatu ni shida ya msimamizi. Sandra naye vilevile, alikuwa na wafanyakazi kibao kaunta wanaonong'ona "huko nyuma vipi leo", kila mmoja kaona kidogo, hakuna aliyekusanya vipande. Hicho ndo nachomdai Kevin, hata sio kugombana na meneja, ni kuwaambia wenzake tu alichokiona.

Mama Wawili

Wenzangu ndo walikuwa wa kwanza kusema "turudi tu yaishe". Haya, nitaiangalia hiyo muvi halafu nitarudi kukujibu vizuri.

Dogo wa Sinza

Mimi niliiona zamani kwenye flashi. Ann Dowd ni balaa, uso wake tu unaona mtu anajidanganya huku anajua anajidanganya. Mnajua Magnolia, wasambazaji wa muvi, hawakutaka kutoa hela ya kuwatumia wapiga kura wa Oscar disk za muvi? Mama akatoa mwenyewe kama dola elfu 13, akakopa na kutumia kadi zake, akatuma. Oscar hawakumteua, ila National Board of Review, taasisi ya filamu ya Marekani, walishampa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora mwaka huohuo wa 2012.

Kasoro naiona moja, wametuonyesha mpigaji mapema mno. Ile katikati unamuona jamaa yuko nyumbani kwake anajitengenezea mkate na nyama huku anaongea na simu, mtoto wake yuko mlemle ndani. Mimi ningependa nisimuone kabisa, nibaki na sauti kama Sandra alivyobaki na sauti.

nesi wa zamu ya usiku

Hapana bwana, mimi pale ndo niliogopa. Angekuwa sauti tu ningebaki najiuliza labda ni polisi kweli, nikamuonea huruma Sandra. Nilivyomuona anakata mkate sikuwa tena na kisingizio.

Dogo wa Sinza

Sawa, ila mwisho je? Sandra kwenye mahojiano ya TV anaulizwa maswali mazito yeye anaingiza habari za hali ya hewa. Niliirusha rimoti.

Mzee wa Deki

Hiyo sikuisema makusudi ili watu waione wenyewe na wewe umeimwaga 😅

Bwana wa Pugu Road

Okay nimekubali kuiangalia, ila mkuu ile disk yako inachezaje? Mimi shemeji alinitumia DVD kutoka Marekani deki ikaandika region error mpaka leo ni mapambo.

Mzee wa Deki

Disk zinafungiwa kwa kanda za dunia (region), DVD za Marekani ni region 1, sisi Tanzania tuko 5, deki za majina makubwa zinagoma. Deki za Kichina zile za Kariakoo nyingi hazijali, zinakula kila kitu. Blu-ray mgawanyo ni mwingine, Marekani A, sisi B pamoja na Ulaya, na hapa mtaani mashine zenyewe za kuhesabu, kwahiyo usijisumbue, chukua DVD. Kwenye laptop inakubali kubadilisha region ila mwisho mara tano, ya tano ikifika inaganda hapohapo, kwahiyo usichezechezee. Nyongeza za kwenye disk ni kiduchu, kuna mahojiano na mwongozaji.

Na kwa wale mtakaoulizia hapo chini, hapana, siichomi na siigawi kwenye flashi. Anayetaka aje Mtoni Kijichi Jumamosi jioni tuiangalie na pause zake, watoto watakuwa kwa bibi yao maana hii sio ya watoto.

Kijana wa Buguruni

Ndiyo afande, nakuja afande.

chapati mbili

Huyu haji 😂😂

Mama Wawili

Mimi nakuja kweli. Na nakuja na wawili kati ya wale saba, muandae viti.